Fuwele Zangu Hazikuipenda Hewa ya Dar

Fuwele za kwanza nilizotengeneza baada ya kurudi nyumbani zilikufa nikiwa kantini nakunywa chai.

Ilikuwa Dar es Salaam, mwezi wa Machi, masika yameanza kunukia. Nilikuwa nimezimimina kwenye kisahani cha kioo ili wanafunzi wakitoka mapumziko wazitazame kwa darubini: vipande vidogo vya pande sita, angavu, ukivigeuza kwenye mwanga vinameta kama chumvi ya mawe iliyooshwa. Foleni ya chapati ilikuwa ndefu siku hiyo. Niliporudi, mng'ao ulikuwa umekwenda. Kila kipande kilikuwa na utando mweupe, mithili ya jicho lenye mtoto wa jicho. Mwanafunzi mmoja aliinamia darubini, akatazama weee, kisha akaniuliza kwa adabu zote, "Dokta, ndizo hizi hizi?"

Ndizo. Jina lake ni MOF-5, na ndiyo fuwele iliyonivusha bahari. Imejengwa kwa zinki na asidi ya tereftaliki. Inavumilia joto la nyuzi 300 bila kutetereka, lakini mvuke wa maji ukipenya ndani huzing'oa nguzo zake moja moja. Haya nilikuwa nayajua. Nimeyasoma, nimeyafundisha, hata kwenye mtihani niliulizwa nikajibu. Ila Ujerumani, nilikosomea udaktari wa kemia, fuwele hizi tulizishikia ndani ya kisanduku kilichojazwa gesi ya argoni, mikono ikiwa kwenye glavu ndefu za mpira, na wakati wa baridi hewa ya chumbani ilikuwa kavu hadi midomo inapasuka. Miaka minne nilijilinda na adui ambaye sikuwahi kuonana naye. Kumbe alikuwa ananisubiri uwanja wa ndege wa Dar. Mlango wa ndege ulipofunguliwa tu akanikumbatia, nami nikadhani ni joto la nyumbani.

Nieleze kwanza hii ni kazi gani, maana hata kwetu imechukua miaka kueleweka. Vitu tunavyotengeneza, sisi wenyewe tunaviita mofu, kutokana na MOF, kifupi cha Kiingereza cha "metal-organic framework". Dada yangu anafundisha Kiswahili sekondari, na nilipompigia kumwambia nimepata nafasi ya kwenda kusomea mofu, alifurahi kupita kiasi. Akanitumia maandalio yake yote ya mofu na alomofu, zile za sarufi, vipande vya maneno. Nilimwacha na furaha yake wiki nzima.

Mofu yangu mimi ni nyumba. Fikiria jengo la nguzo na boriti tupu, halina kuta wala dari. Kwenye maungio kuna vishada vya atomu za metali. Boriti ni molekuli za kaboni zenye mikono ya kushikia huku na huku. Ukichanganya vizuri vinajipanga vyenyewe, safu juu ya safu, chumba kile kile kikijirudia pande zote. Vyumba hivyo ni vidogo kiasi kwamba wageni wake ni molekuli moja moja: maji, haidrojeni, hewa ukaa. Ukitumia boriti ndefu zaidi, chumba kinapanuka. Ukiitundikia boriti kundi fulani la atomu, chumba kinaanza kuchagua wageni. Vitu vyenye vitundu vilikuwapo zamani; zeolaiti, kwa mfano, ni mawe ambayo Msweden Axel Cronstedt aliyapa jina mwaka 1756 baada ya kuona yanatokota yakipashwa moto. Lakini zeolaiti inakupa vyumba inavyotaka yenyewe. Mofu unaichorea ramani kwanza, ndipo unajenga. Au tuseme, ndivyo tunavyoandika kwenye maombi ya fedha.

Na eneo lake la ndani haliaminiki. Gramu moja ya MOF-5, ukizikunjua nyuso zake zote, inafika mita za mraba 2,900 hivi. Gramu mbili na nusu, unga unaokaa kiganjani, zinaenea uwanja mzima wa mpira.

Nimezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, na meno yangu hulitaja hilo kabla mimi sijajitambulisha. Ni ya kahawia, yenye mistari. Chemchemi tuliyokuwa tunateka ilikuwa na floraidi nyingi, inayotoka kwenye miamba ya volkano, na mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya ufizi, rangi hiyo hukaa naye maisha. Juu ya hapo bibi alikuwa anapikia maharage kwa magadi, nayo magadi huleta floraidi yake. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi yetu ilipita hapo mara kadhaa. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na nyingine nzuri kabisa, lakini ilikuwa ya ukoo mwingine. Nilipofika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa kwanza, kijana mmoja aliniona nacheka akasema, "Arusha hiyo." Ujerumani waliniuliza kama navuta sigara.

Ningependa kuandika kwamba nilisomea kemia kwa ajili ya meno hayo. Nilisomea kemia kwa sababu fizikia ilinigomea. Na mofu niliingia kwa sababu ya picha: kwenye makala moja maktaba, kiunzi cha MOF-5 kimechorwa kama kizimba, na katikati yake limewekwa tufe kubwa la njano. Nilidhani tufe lile ni atomu ya aina yake. Nilisoma maelezo mara tatu ndipo nikaelewa kwamba tufe halikuwa kitu. Lilichorwa kuonyesha nafasi tupu. Sijui kwa nini jambo lile lilinishika namna ile, kwamba mtu anaweza kulipwa kwa kutengeneza nafasi, lakini jioni ile sikula.

Mwaka wa pili wa udaktari nilipata namba iliyoninyima usingizi.

Kupima eneo la ndani, unatia unga kwenye mrija wa kioo, unaupasha moto chini ya ombwe, yaani pampu imenyonya hewa yote, hadi kila mgeni aliyemo vyumbani atoke, unaupima uzito kwa kutoa uzito wa mrija mtupu, halafu unauzamisha kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mashine inahesabu ni naitrojeni kiasi gani inajibandika ndani. Jibu linagawanywa kwa uzito wa sampuli. Nilikuwa natengeneza ndugu wa karibu wa MOF-5, na wenzangu kwenye kundi walikuwa wanapata chini kidogo ya 3,000. Mimi nikapata zaidi ya 5,500. Nikarudia hesabu usiku. Ikatoka ile ile. Nikajiambia siri ni jinsi ninavyoziosha. Wazungu hawa hawajui kuosha.

Jumatatu nilisimama mbele ya kundi zima na grafu yangu. Profesa alikuwa anaandika kitu. Nyuma kabisa alikaa mama mmoja fundi wa maabara, amebakiza miaka michache kustaafu, ambaye mikutanoni huwa hasemi. Siku hiyo akanyoosha mkono.

"Mrija mtupu uliupima ukiwa na hewa ndani?"

Nikasema ndiyo.

"Na ulipokuwa na sampuli?"

Nikasema ulikuwa na ombwe, umetoka kwenye pampu moja kwa moja. Na hapo hapo, mdomo ukiwa bado wazi, nikaelewa. Yeye alikwenda ubaoni hata hivyo, taratibu, akaandika: mililita 20, mara miligramu 1.2. Ishirini na nne. Mrija wangu nilipoupima mtupu ulikuwa umebeba miligramu 24 za hewa ya kawaida, hii tunayovuta, nami nikaziondoa kwenye kipimo cha pili bila kuzihesabu. Sampuli yangu ya miligramu 50 ikaonekana ni 26. Eneo likawa maradufu kwa sababu nilikuwa nagawanya kwa nusu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kuanzia hapo nikawa na woga fulani na namba kubwa, na nikawa nawauliza wanafunzi wa chini yangu, kabla ya yote, hewa iko wapi. Ndiyo maana kisa cha Dar kiliniuma kuliko kawaida. Hewa ilikuwa imenifunga goli la kwanza nikajiona nimeshajifunza, ikaja kunifunga la pili kwenye uwanja wangu wa nyumbani.

Jambo lingine ambalo picha haionyeshi: kujenga ndiyo sehemu nyepesi. Unachanganya, unafunga kichupa, unakiweka kwenye oveni, unakwenda kulala. Asubuhi fuwele zipo. Lakini zimezaliwa zimejaa. Kila chumba kina kiyeyusho kilekile ulichotumia kupikia, na kiyeyusho cha kawaida cha kazi hii, kinachoitwa DMF, ni mgeni asiyeaga. Ukimtoa kwa nguvu, yaani ukakausha tu kwa moto, anapoondoka anavuta kuta, zinakutana, zinagandana kama nailoni mbichi. Kwa hiyo unambadilisha na mgeni mwepesi: unaloweka fuwele kwenye methanoli, unamwaga, unaweka nyingine, asubuhi, mchana, jioni, siku tatu. Ndipo unamtoa yule mwepesi polepole kwa ombwe. Miaka yangu minne ya udaktari, ukiniuliza nilifanya nini hasa, nilimwaga methanoli. Mara moja nilikuwa nawahi mkutano nikafanya siku tatu kwa siku moja. Nilisafiri na bango zuri na kopo la unga usio na kitundu hata kimoja.

Kule Dar sikukosana na fuwele peke yake. DMF ni ghali, ina madhara kwenye ini, na kabati la kuvutia hewa chafu katika maabara yetu lilikuwa linavuta siku likijisikia. Shehena moja ya kemikali ilikaa bandarini hadi nyingine zikapita muda wake. Nikaamua kwamba tangu siku hiyo sitatengeneza kitu kisichotengenezeka kwa maji au spiriti. Leo nikieleza uamuzi huo kwenye mikutano watu wanaandika, wanauita kemia ya kijani. Niliuchukua kwa kukosa.

Kwenye kukosa huko tukagundua chupa. Plastiki ya chupa za maji ya kunywa, sehemu yake kubwa ni ile ile asidi ya tereftaliki tuliyokuwa tunaiagiza nje kwa dola. Unazikata vipande, unazichemsha na kostiki soda, ile kali ya kutengenezea sabuni, unachuja, unatia asidi, na kinajitenga kitu cheupe kizito kama uji wa muhogo. Ukikiosha na kukikausha, hiyo ndiyo boriti yako. Wanafunzi waliokota chupa chuo kizima. Wiki ya pili alikuja mama mmoja anayeokota chupa na kuuza kwa kilo, akasimama mlangoni pa maabara, kanga mbili na gunia, akasema: "Mwalimu, shikamoo yako nakupa, lakini watoto wako wananiharibia soko." Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka isiyopungua 20, nikamwambia shikamoo ni yangu kuitoa. Tukakubaliana bei. Hadi naondoka Dar alikuwa ndiye msambazaji wetu, na kusema kweli ndiye msambazaji pekee ambaye hajawahi kuchelewesha mzigo.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza nilikuwa na mchezo mmoja, na bado ninao. Kuna mofu ya shaba, HKUST-1, iliyotengenezwa Hong Kong mwaka 1999, rangi yake bluu ya maji ya bahari kifuani. Unaiweka kwenye mrija, unaipasha chini ya ombwe. Maji yaliyoshikamana na shaba yanaondoka, na unga wote unageuka zambarau iliyokoza, karibu ya usiku. Lazima mmoja aseme imeungua. Kisha namwita huyo huyo aje afungue koki. Hewa ikiingia, rangi inarudi, na inaanzia juu, inashuka, unaiona kwa macho mawili inavyoshuka, zambarau inakimbizwa hadi chini kabisa ya mrija. Dar, kwa unyevu wake, rangi ilikuwa inarudi hata sijamaliza sentensi yangu.

Nilihamia Arusha kwa sababu za kifamilia; mama alikuwa ameanza kulalamika magoti. Chuo nilichokwenda kilikuwa na mashine ya kupimia eneo, ya msaada, imetumika lakini nzima. Ilikosa kitu kimoja tu, naitrojeni kimiminika. Niliulizia hospitali, nikaulizia viwanda vya gesi. Aliyenielekeza alikuwa mjomba wangu mfugaji, wala hakujua kama ananisaidia: alikuwa anasimulia jinsi alivyopata ndama chotara, akataja moshi mweupe unaotoka kwenye mtungi wa mbegu.

Usa River, umbali wa safari fupi ya gari kutoka kwetu, kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kinachohifadhi mbegu za madume bora kwa kupandishia ng'ombe kwa mrija. Mbegu hizo hukaa ndani ya naitrojeni kimiminika. Nilikua nikipita mbele ya geti lile kwenda shule. Nimekwenda Ulaya kujifunza kupima kwa naitrojeni, kumbe nilizaliwa jirani na kisima chake.

Kwa hiyo napanga foleni na mabwana mifugo. Mara ya kwanza mzee mmoja mwenye koti la kijani alinitazama na mtungi wangu wa lita kumi.

"Una ng'ombe wangapi, mama?"

"Sina hata mmoja, mzee wangu."

"Sasa hiyo ya kuhifadhia nini?"

Nikamweleza kwamba napima vitundu vidogo visivyoonekana. Alitafakari, akasema, "Pole sana," kwa sauti ya mtu aliyemaanisha.

Mtungi ule haufungwi kwa kubana. Mfuniko wake umekaa tu juu, kwa sababu naitrojeni inachemka muda wote na ukiiziba italipua mtungi. Basi unasafiri nao nyuma ya pikapu, wazi, na kila shimo la barabara ni sehemu ya data inayopotea angani. Kipimo kimoja kizuri huchukua usiku kucha. Nimejifunza kuchagua. Zamani, kila tulichopika tulikipima. Sasa nauliza kwanza kama kinastahili safari ya Usa River.

Mwaka 2017 ilitoka habari iliyosomwa hata na watu wasiosoma kemia: kundi la Omar Yaghi wa Berkeley na la Evelyn Wang wa MIT lilitumia mofu ya zirkoni, MOF-801, kunasa maji kutoka kwenye hewa kavu usiku na kuyaachia mchana kwa joto la jua. Nilimsimulia mama kwa shauku. Alisikiliza hadi mwisho, huku anachambua mchele. "Mwanangu, hayo ni mazuri kwa walio jangwani," akasema. "Sisi Mungu ametupa maji. Shida ni aliyoyachanganya nayo."

Hapo ndipo meno yaliponirudia, nikiwa na zaidi ya miaka kumi kwenye kazi.

Nilichagua mofu ya alumini na asidi ya fumariki. Sababu ilikuwa ya mtu wa kwetu kabisa: alumini yake inatoka kwenye shabu, dada wa hii hii inayotupwa kwenye ndoo kutuliza tope, na asidi ya fumariki ni kiungo kinachotumika hata kwenye vyakula. Unatengeneza kwa maji, joto la nyuzi 60, dakika chache, unapata unga mweupe kama sembe. Alumini na floraidi hupendana. Tulitengeneza maji ya majaribio, yaani maji yaliyotoneshwa tukatia chumvi ya floraidi, na unga ukaisafisha vizuri hadi nikajishika kifua. Nikaandika makala. Ikakubaliwa. Kwenye utangulizi niliandika kuhusu watoto wa Meru na meno yao, aya nzuri, yenye hisia.

Baada ya makala kutoka, siyo kabla, ndipo nilipobeba dumu kwenda chemchemi yetu.

Maji ya kule si maji na floraidi tu. Yana bikaboneti tele, yanateleza kidogo mkononi kama yaliyotiwa sabuni, pH inapita 8. Ndani ya maji hayo unga wangu ulikamata kidogo sana kuliko ulivyokamata maabara, kwa sababu vyumba na metali vilikuwa vinagombewa na wengine waliokuja kwa wingi zaidi. Hilo ningelivumilia. Baya lilikuwa kwamba katika maji ya namna ile kiunzi chenyewe kilianza kulegea na alumini kutoka. Nilikuwa natoa sumu moja kwa kuweka swali lingine kwenye kikombe. Na hata bila hayo, unga laini haupitishi maji. Uweke kwenye chujio uone: unageuka udongo wa mfinyanzi.

Wakati huo huo Ngurdoto, si mbali na hapo, kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi na mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, inapondwa punje punje, inajazwa kwenye ndoo, maji yanapita. Madini ya mfupa yanabadilishana na floraidi kama vile mfupa ulio hai unavyofanya mwilini, ndiyo sababu floraidi inapinda miguu ya watoto. Mkaa huo una eneo la ndani ambalo kwenye mkutano wa kwetu ungeona aibu kulitaja. Lakini ni punje, maji yanapita. Wapo wanaoukataa kwa sababu za dini, wapo wanaosema maji yananuka, na ukichomwa vibaya kweli yananuka. Hata hivyo ndoo moja nyumbani kwa mama inafanya kazi leo, na yangu haifanyi.

Ile aya ya utangulizi sijaifuta, haifutiki. Kila mwaka mtu mmoja wawili huinukuu.

Jumatano ya tarehe 8 Oktoba 2025 nilikuwa darasani simu ikaanza kutikisika mfululizo. Dada: "MOFU ZAKO ZIMESHINDA!!!" Nobel ya Kemia ilikuwa imekwenda kwa Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia na Omar Yaghi. Niliwasomea wanafunzi majina. Wakapiga makofi kana kwamba tumepewa sisi, na mimi nikapiga.

Tangu siku hiyo naombwa kuzungumza mashuleni, na kila mahali wanataka kisa cha Yaghi. Nawapa, kinastahili. Mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina, amezaliwa Amman mwaka 1965, chumba kimoja wanalala watu wengi na mifugo humo humo, maji ya bomba yanakuja saa chache tu baada ya siku nyingi. Akiwa na miaka kumi anajipenyeza kwenye maktaba ya shule iliyofungwa, anafungua kitabu, anaona michoro ya molekuli. Miaka 15 anatumwa Marekani, anasoma chuo kidogo mjini Troy huku anafungasha bidhaa dukani na kupiga deki. Mwaka 1995 anavipa viunzi hivi jina vinalotumia hadi leo, mwaka 1999 anatoa MOF-5. Watoto wanapenda, kwa sababu kinaanza na maji na kinaishia na maji.

Mimi kisa ninachokirudia peke yangu ni cha Robson. Mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Melbourne, anahitaji mipira ya mbao ya kufundishia wanafunzi maumbo ya molekuli. Anawapelekea mafundi wa karakana wamtoboe matundu ya kuchomekea vijiti, lakini lazima awaambie watoboe wapi. Anaporudishiwa na kuanza kupachika, anaona kwamba umbo zima la jengo lilikuwa tayari limo kwenye matundu. Angefanya nini mtu mwingine? Angekimbilia maabara. Yeye aliendelea kufundisha, kila mwaka anaitoa mipira ile, kila mwaka wazo linarudi, miaka zaidi ya kumi, hadi mwisho akajaribu kwa shaba na molekuli ya mikono minne. Makala ikatoka 1989. Fuwele zake zilikuwa zinabomoka kirahisi, na walikuwapo walioona hazina matumizi. Alipopigiwa simu ya Nobel alikuwa na miaka 88.

Kitagawa naye ana lake. Mwaka 1997 alionyesha kiunzi kinachoingiza gesi na kuitoa bila kuharibika, na baadaye akaendeleza vile vinavyopanuka na kusinyaa kama mapafu. Hivyo vya kupumua ndivyo ninavyovifikiria siku hizi, kwa sababu jengo linalokubali kuyumba huenda likavumilia maji ya Meru kuliko lililosimama kikakamavu. Huenda. Nimeshaandika utangulizi mmoja kabla ya kwenda chemchemi, sitaandika wa pili.

Utaratibu wetu wa sasa ni huu. Kitu chochote kipya kikitoka kwenye oveni, hakipelekwi kwenye mashine. Kinatiwa kwenye kopo la kioo na maji ya chemchemi ya kwetu, ambayo mwanafunzi wa zamu ameyateka mwenyewe, si kuletewa, na kopo linakaa dirishani siku saba, kwenye jua na vumbi na joto la mchana. Ya saba tunachuja, tunaangalia kwa eksirei kama kiunzi bado kipo, tunapima kilichovuja. Kikipona, ndipo napiga simu Usa River kuuliza kama kuna naitrojeni. Makopo mengi hayafiki siku ya tatu. Unajua kwa kuyatazama tu, maji yanakuwa kama ya kuoshea mchele. Wanafunzi wapya huona ni ushamba, kumwaga kazi ya mwezi ndani ya maji machafu kabla hata ya kujua eneo lake. Siwabishii.

Mama amekuja wiki hii kliniki ya magoti, akapita maabara. Akayapitia makopo yote dirishani, moja moja, kama anavyopitia miche. Akasimama kwenye la nne kutoka kushoto, la zirkoni, maji yake bado angavu.

"Hili la lini?"

"La Jumapili, mama. Leo siku ya tano."

Akaliinua kwenye mwanga, akalitikisa kidogo, nikataka kumkataza nikanyamaza. Punje zikapanda, zikazunguka, zikaanza kutua. Akalirudisha pale pale lilipokuwa, akalisogeza kidogo lisiguse la jirani, akauliza chai iko wapi.